Kiungo mkongwe aanze au aanzie benchi? Mimi nasema aanze, na sababu hizi hapa

#1. Mleta uzi, Nyakato

Wakuu salaam. Wa Mwanza, Geita, Mara, Kagera na popote mlipo, karibuni tujadili.

Timu yetu ya mtaa imegawanyika. Namba sita wetu, yaani kiungo wa chini mbele ya mabeki, ambaye pia ni nahodha, ana miaka 37. Mchana ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba, jioni yuko uwanjani. Amekuja kijana wa miaka 19 kutoka Sengerema, ana mbio, ana kifua, anakaba mwanzo mwisho. Kwenye kikao wengi wamesema kijana aanze, mkongwe aanzie benchi, aingie dakika ya 60 au 70 "akatulize mchezo". Mimi ni katibu wa timu, nimepinga na bado napinga. Nimeleta hoja hapa kwa sababu kosa hili nimeliona mchangani, nimeliona Ligi Kuu, na nimeliona Ulaya kwenye timu zenye makocha wanaolipwa mabilioni.

Msimamo wangu: kiungo mkongwe anayeishi kwa akili, kama bado anastahili kuwemo kikosini, basi anastahili kuanza. Kama hawezi tena kuanza, aagwe kwa heshima atundike daruga. Kumweka benchi saa nzima halafu umwingize mwishoni ndiko kumtumia vibaya kuliko kote.

Tazameni mechi inavyokwenda. Dakika 20 au 30 za mwanzo timu zote zimejipanga. Mabeki wako karibu na viungo, viungo wako karibu na washambuliaji, nafasi finyu. Mbio hapo hazina pa kwenda. Anayeshinda ni anayejua mpira utatua wapi kabla haujapigwa. Sasa njoo dakika ya 70. Watu wamechoka, mistari imeachana, kati ya beki na kiungo kuna uwanja mtupu, mpira ukipotea ni kaunta, shambulizi la kushtukiza, watu wanafukuzana. Huo ndio muda wa miguu ya miaka 19. Sisi muda huohuo ndio tunataka tumwingize mtu wa miaka 37, misuli imepoa, akaudake mchezo ambao wenzake wameshauzoea.

Nawakumbusha Steven Gerrard. Machi 22, 2015, Liverpool na Manchester United, Anfield. Gerrard ana miaka 34, kaanzia benchi. Kaingia mwanzo wa kipindi cha pili timu iko nyuma, damu inachemka, anataka kubadilisha kila kitu kwa dakika moja. Sekunde 38 tu, kamkanyaga Ander Herrera, kadi nyekundu. Liverpool ikalala 2-1. Watu walisema ni hasira za mzee. Mimi naona ni hasira za mtu aliyezoea kuipanga mechi tangu mwanzo, akapewa kipande cha mwisho na kuambiwa aokoe.

Upande wa pili mtazameni Luka Modrić, Aprili 12, 2022, Real Madrid na Chelsea pale Bernabéu. Madrid alishinda mechi ya kwanza 3-1, lakini usiku huo Chelsea wakapiga bao la kwanza, la pili, la tatu. Madrid kwa jumla wako nje. Modrić ana miaka 36, kaanza tangu dakika ya kwanza. Dakika ya 80 akapiga pasi kwa nje ya mguu wa kulia, mpira ukapita juu ya difensi yote ukamkuta Rodrygo, bao. Mechi ikaenda dakika 30 za nyongeza, Benzema akamaliza kwa kichwa, Madrid wakapita 5-4 kwa jumla. Pasi ile haipigwi na mtu aliyeingia dakika tano zilizopita. Alikuwa ameshawatazama mabeki wa Chelsea kwa dakika 80, anajua nani anageuka taratibu na nani anaacha mgongo wazi.

Wa kwetu namjua kwa karibu zaidi. Beki wa kati akiushika mpira, kabla hajapasia, mzee anageuza kichwa bega la kushoto, mara ya pili tena bega la kulia. Mpira unapokuja hausimamishi. Anauacha upite mbele ya mwili wake uende mguu wa kulia, na hapohapo ameshageuka. Mkabaji wake anajikuta anamkaba mtu ambaye hayupo. Kijana wa Sengerema anausimamisha kwanza, halafu ndipo anainua macho. Akiinua, watu wawili wameshamfikia. Anatoka kwa nguvu kwa sababu nguvu anazo, lakini mara nyingi anatoka kuelekea nyuma. Na uwanja wetu ni wa vumbi, una mteremko kuelekea goli la upande wa barabarani. Mpira unadunda hovyo, kwa hiyo mguso wa kwanza ndio kila kitu.

Kingine ni mdomo. Anaongea dakika zote. "Mtu!" "Peke yako!" "Mrudishie!" Beki wetu wa kulia, ambaye ni mtoto wa sekondari, akicheza na mzee ni beki mzuri kabisa. Siku mzee hayupo, mtoto yuleyule anapoteza mipira hadi unamwonea huruma.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

#2. Mdau wa Igoma

Mkuu umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokufaa. Xavi je? Msimu wa 2014/15 Barcelona wamemleta Rakitić, Xavi ana miaka 35, mechi nyingi kubwa anaanzia benchi. Fainali ya Berlin dhidi ya Juventus kaingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Iniesta. Wamebeba makombe matatu msimu ule. Kama angelazimisha kuanza, lile dimba la kati lingeshindwa kuwalisha Messi, Suárez na Neymar kwa kasi ile.

Na Lampard? Septemba 2014 yuko Manchester City, ana miaka 36, kaingia kutoka benchi dhidi ya Chelsea yake mwenyewe akasawazisha, 1-1. Benchi siyo kaburi. Sasa hivi sheria inaruhusu wachezaji watano kubadilishwa, hilo limeanza 2020 na limekuwa la kudumu 2022. Kocha mwenye akili anaanza na mbio na kumaliza na akili.

#3. Mdau wa Buhongwa

Naomba nizungumze kwa niaba yetu vijana. Nina miaka 20, nacheza namba nane, kiungo wa kupanda na kushuka, na ninasugua benchi nyuma ya kaka mwenye miaka 35. Namheshimu sana, ananinunulia hata viatu. Lakini kila nikiuliza naambiwa "subiri, wakati wako utafika". Mpira hausubiri. Kuna watoto wanatoka kituo cha Alliance pale Mahina wana miaka 17 tayari wanatazamwa na timu za Ligi Kuu. Mimi nikifika 24 bila kucheza, nani atanitazama?

Mleta uzi umesema kijana anausimamisha mpira kwanza. Sawa. Huyo mkongwe akiwa na miaka 19 hakuwa anausimamisha? Alijifunza wapi kugeuza kichwa kama siyo kwa kupangwa?

#4. Mleta uzi

Mdogo wangu wa Buhongwa, swali lako limenigusa na nitalijibu kwa uzito wake.

Kwanza nimjibu wa Igoma kwa kifupi. Lampard alikuwa kiungo wa kufika kwenye boksi na kufunga. Mtu wa namna hiyo anahitaji nafasi moja tu, anaweza kuingia hata dakika ya 80 akaipata. Sijamzungumzia huyo. Nazungumzia mpangaji, yule ambaye kazi yake ni kuwafanya wenzake tisa wawe mahali panapotakiwa. Xavi aliingia Berlin timu ikiwa mbele 2-1, kazi yake ikiwa kuficha mpira, na walioubeba mchezo mgongoni kwa saa nzima walikuwa Busquets na Iniesta, wapangaji wenzake waliokulia kituo kilekile. Barcelona hawakuwahi kukosa mpangaji uwanjani hata dakika moja. Sisi tukimtoa mzee tunabaki na nani?

Na hiyo sheria ya kubadilisha watano, mimi naiona inanisaidia. Zamani kocha aliogopa kumwanzisha mzee kwa sababu akichoka unapoteza badiliko moja kati ya matatu. Sasa unamwanzisha ukijua dakika ya 65 unamtoa na bado una wanne mkononi. Anza na akili, maliza na mbio.

Sasa wewe mdogo wangu. Kosa la kocha wako ni kukupanga nyuma ya kaka yako wakati angekupanga pembeni yake. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Rudi kwenye mechi ileile ya Madrid na Chelsea. Dakika ya 73 kocha wa Madrid, Ancelotti, alimtoa Toni Kroos, kiungo mkongwe mwenzake Modrić, akamwingiza Camavinga, ana miaka 19. Kroos alikasirika, kila mtu alimwona. Lakini tazama: hakuwatoa wazee wote wawili, wala hakuwaacha wote wawili. Alimbakiza Modrić akampa kijana wa kumkimbilia, na Valverde yuko upande wa pili anakimbia tangu mwanzo. Dakika saba baadaye pasi ile ikapigwa. Camavinga aliokoa mechi ile sawasawa na Modrić, nami simpunguzii hata chembe.

Kwa hiyo ninachotaka kwenye timu yetu ni mzee mmoja dimba la kati, siyo wawili, na kijana asimame mita kumi kutoka kwake ili amsikie. Kijana wa Sengerema simtaki benchi. Namtaka namba nane.

#5. Dada wa viungo, Mwanza mjini

Kaka zangu, naomba niingize la kitaalamu kidogo, mimi kazi yangu ni fiziotherapia.

Mwili wa mchezaji hauzeeki wote kwa pamoja. Kinachoanza kupungua mapema ni kasi ya mbio fupi na ule mlipuko wa hatua tatu za kwanza. Pumzi ya kukimbia mwendo wa kawaida inadumu zaidi kama mtu anafanya mazoezi. Kubwa kuliko yote ni kupona. Kijana akicheza Jumatano, Jumamosi yuko tayari. Mwenye miaka 36 au 37 siku hizo tatu mara nyingi hazimtoshi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenu lingekuwa "mnacheza mara ngapi kwa wiki?" Kama ni mara moja, aanze. Kama kuna mashindano ya mechi mbili kwa wiki, aanze moja, nyingine apumzike kabisa, hata jezi asivae.

La pili, mleta uzi ana haki kuhusu kupoa. Mtu akipiga jaramba saa kumi, akakaa benchi mpaka saa kumi na moja, joto lile la misuli limekwisha zamani. Ukimwita ghafla aingie akafukuzane na winga, misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoanza kulia, na umri wenyewe unaongeza hatari hiyo. Mkiamua aanzie benchi, basi awe anainuka kila mara kukimbia pembeni ya uwanja, asikae tu anakunywa maji.

Na kama mnacheza pale Nyamagana kwenye nyasi bandia, jua likiwa kali ile nyasi inashika joto kuliko nyasi za kawaida. Maji mapema, kabla ya kiu.

Zoezi moja la bure: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu nyuma yake, ajishushe mbele taratibu akiwa amenyooka, azuie kuanguka kwa misuli ya nyuma ya paja kadiri anavyoweza, mwisho ajidake kwa mikono. Mara chache kwa wiki, aanze na idadi ndogo kwa sababu kesho yake atahisi. Zoezi hili limepunguza sana majeraha ya paja kwenye timu nyingi zilizolishika.

#6. Mdau wa Geita

Wa Kanda ya Ziwa mnatoa mifano ya Bernabéu wakati mfano tulikuwa nao hapahapa. Saido Ntibazonkiza. Msimu wa 2022/23 kaanza na Geita Gold yetu, dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu akaenda Simba, akamaliza ligi na mabao 17 sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Miaka 36! Mshambuliaji mwenye mbio kama Mayele na kiungo mshambuliaji wa miaka 36 wamegawana kiatu cha ufungaji. Ng'ombe hazeeki maini.

Na mnakumbuka kelele kiungo Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga Julai 2024 akiwa na miaka 33? Watu waliandika "mzee huyo". Wanaoandika hivyo ni walewale wanaomshangilia mzungu wa miaka 40.

#7. Kocha wa watoto, Kirumba

Vijana wangu, nimesoma yote. Nimefundisha watoto kwa muda mrefu kwenye viwanja vya huku, na nimecheza wakati timu yetu ya Pamba ikiitwa Pamba, kabla haijawa Pamba Jiji na kurudi Ligi Kuu mwaka 2024. Nina swali kwa mleta uzi, lisilo na ubaya.

Umesema mzee aanze kwa sababu mwanzo nafasi ni finyu na akili inashinda. Sasa mimi nikiwa kocha wa timu pinzani, nikijua namba sita wako ni wa kupanga na miguu ni ya miaka 37, nafanya alichofanya Ferguson, kocha wa Manchester United, mwaka 2010. Wapinzani wake Milan walikuwa na mpangaji wao, Pirlo. Ferguson akamchukua Park Ji-sung, mtu wa mapafu, akamwambia kazi yako leo ni mtu huyo tu. Marudiano Old Trafford United walishinda 4-0, Pirlo hakuonekana. Na Pirlo wakati huo alikuwa na 30 tu. Wa kwako nitamwekea mtoto wa miaka 18 amkanyage kivuli. Utafanyaje?

#8. Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Hilo ndilo swali ambalo kwenye kikao hakuna aliyeuliza, na ndilo gumu kuliko yote.

Nimelifikiri kwa kufuata maisha ya Pirlo mwenyewe baada ya usiku ule. Mwaka 2011 Milan walibeba ubingwa wa Italia chini ya Massimiliano Allegri. Pirlo alikuwa na majeraha mengi msimu ule, na Allegri pale chini mbele ya mabeki alimpenda zaidi Mark van Bommel, mkata umeme, yaani kiungo wa kuvunja mashambulizi. Mkataba wa Pirlo ukaisha, akaondoka bure akiwa na miaka 32. Juventus wakamchukua. Kocha wao, Conte, hakumwacha peke yake kama alivyoachwa Old Trafford. Alimweka Vidal upande mmoja na Marchisio upande mwingine, watu wawili wanaokimbia, wanaokaba, na wenye uwezo wa kupokea mpira kutoka kwa mabeki. Ukimkaba Pirlo, mpira unapitia kwa Marchisio. Ukimwacha Pirlo, umekwisha. Juventus walimaliza msimu wa 2011/12 bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, na Pirlo akabeba ubingwa mara nne mfululizo.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye habari hii ni Allegri. Miaka 14 baadaye yuko tena Milan, msimu wa 2025/26, na katikati kamweka nani? Modrić, aliyetimiza miaka 40 Septemba 9, 2025. Siku chache baadaye akafunga bao pekee dhidi ya Bologna. Pembeni yake kawekewa watu wa mapafu, Rabiot na Fofana. Kocha yuleyule aliyempendelea mkata umeme kuliko mpangaji wa miaka 31, msimu huo akamwanzisha mpangaji wa miaka 40. Sijui anasemaje moyoni, ila kwa kupanga kikosi amesema wazi kwamba mkongwe anategemea waliosimama naye.

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu ni hili. Ukimwekea mtoto wa kumkanyaga kivuli, mzee wangu atasogea pembeni, karibu na beki wa kushoto, na atamvuta huyo mtoto wako mpaka kule. Katikati panabaki wazi. Beki wangu wa kati atampa kijana wa Sengerema, ambaye sasa anapokea mpira mbele yake kuna mita 15 hakuna mtu. Na kijana akipewa mita 15 za kukimbia, mwalimu, hakuna wa kumshika kwenye wilaya hii. Mzee anaweza kucheza dakika 30 bila kugusa mpira mara nyingi na bado akawa ndiye anayeiumiza timu yako. Hilo haliwezi kufanywa na mtu aliyeingia dakika ya 70, kwa sababu mtego kama huo unaujenga taratibu.

Dada wa viungo, asante sana. Ligi yetu ni mechi moja kwa wiki, kwa hiyo tuko salama. Lile la kupumzika kabisa kukiwa na mechi mbili nitalipeleka kwenye kikao kama lilivyo.

#9. Kocha wa watoto, Kirumba

Marahaba. Umejibu kama mtu anayeutazama mpira. Basi nami nikuongezee mambo mawili.

La kwanza, ujue dalili za mwisho, kwa sababu siku itafika na wewe unampenda mno. Usitazame mbio, mbio ameshazipoteza. Tazama faulo. Kiungo mkongwe akianza kufika kwenye mpira nusu hatua nyuma, faulo zinaongezeka, kadi za njano zinaongezeka, na ni faulo za katikati ya uwanja zisizo na sababu. Halafu tazama anapokuwa beki ana mpira. Akianza kujificha nyuma ya mkabaji, haombi tena, ananyoosha kidole "mpe yule", basi mwenyewe ameshajua. Mimi nimewaona wengi, na hakuna aliyeniambia kwa mdomo. Miili yao ndiyo iliyoniambia.

La pili ni la kijana. Kugeuza kichwa kunafundishika. Kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliyetazama video za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akaangalia tu wanavyotazama huku na huku kabla ya kupokea mpira. Waliokuwa wanatazama mara nyingi zaidi ndio waliokuwa wanafikisha pasi zaidi. Mimi kwa watoto wangu nafanya hivi: mmoja anapasia, mmoja anapokea, wa tatu anasimama mgongoni mwa anayepokea ameshika koni mbili za rangi tofauti. Mpira ukiwa njiani wa nyuma anainua koni moja. Anayepokea lazima ataje rangi kabla hajaugusa mpira. Akitaja baada ya kuugusa, hesabu amekosea. Wiki za kwanza watakosea wote. Wakizoea, wafanye huku wanageuka upande ambao koni haijainuliwa.

#10. Mdau wa Igoma

Bado sijakubali moja kwa moja. Mnamzungumzia Modrić na Pirlo, watu wawili kati ya maelfu. Wakongwe wengi wanapangwa kwa sababu ni marafiki wa viongozi au wanachangia pesa za jezi. Huku mchangani mzee haondoki mpaka aumie. Scholes wa Manchester United aliporudi kutoka kustaafu Januari 2012, mechi ya kwanza dhidi ya Manchester City kapoteza mpira, Agüero kafunga. Heshima isiwe kigezo cha kupanga kikosi.

#11. Mdau wa Buhongwa

Mimi nimemwelewa mleta uzi. Kesho namwomba kocha anijaribu pembeni ya kaka badala ya nyuma yake. Akikataa nitarudi hapa.

#12. Mleta uzi

Wa Igoma, kwenye la urafiki na pesa za jezi tuko pamoja asilimia mia. Mtu akipangwa kwa sababu kalipia jezi, hiyo ni dhuluma kwa watoto na nitaipinga hata kama ni nahodha wangu. Mzee wetu hajalipia jezi ya mtu, kipato chake ni cha injini za boti na ziwa likichafuka wavuvi hawaji. Nataka apimwe kwa mpira tu, na kwa dalili alizozitaja mwalimu: faulo, na kuomba mpira. Msimu huu anaomba mpira mpaka mabeki wanamchoka.

Na Scholes umemtaja vizuri lakini umeishia njiani. Mechi ile aliingia kutoka benchi kipindi cha pili, mwili haujacheza mechi kwa nusu mwaka, kwenye mchezo uliofunguka. Ndicho ninachokipinga tangu juu. Alipoanza kupangwa dakika ya kwanza, United waliongoza ligi mpaka wakawa mbele kwa pointi nane mwezi Aprili, na ubingwa wakaukosa siku ya mwisho kwa tofauti ya mabao tu. Alikuwa na miaka 37, sawa na wa kwetu.

Nimeongea na kocha leo mchana. Amekubali tujaribu Jumapili hivi: mzee anaanza namba sita, kijana wa Sengerema namba nane upande wa kulia, kwa sababu beki wetu wa kulia anapenda kupanda na anahitaji mtu wa kumzibia. Kushoto anaanza yule tuliyekuwa tunampanga winga, ana pumzi ya kutosha. Dakika ya 65, matokeo yawe yoyote, mzee anatoka, kijana anashuka namba sita na kumalizia kazi. Mzee mwenyewe nimemweleza, kauliza swali moja tu: "Nikitoka, nani atamwambia kijana mtu yuko wapi?" Tumekubaliana kipa, kwa sababu anaona uwanja wote na ana sauti.

Zoezi la koni tunalianza kesho jioni saa kumi na moja. Koni tunazo nyekundu tupu. Mwalimu wa Kirumba, kama una za njano za kutuazima, nitapita kuzichukua asubuhi kabla sijaenda kazini.